Daraja la Luapula, umeme na boti: Nchelenge itapata nini?

NCHELENGE, Zambia

Kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Mweru, mji wa Nchelenge na pacha wake Kashikishi huishi kwa mambo mawili: samaki wanaotoka ziwani na watu wanaolivuka ziwa hilo kwenda na kutoka Kongo. Sasa yote mawili yanaguswa na maamuzi yanayofanyika mbali na ufuko huo. Barabara mpya ya tozo inajengwa kusini, daraja linakuja juu ya Mto Luapula, nyaya za umeme zinavutwa kutoka Tanzania kuelekea Zambia, na reli ya TAZARA imepata mkataba mpya.

Miradi hiyo ina sura moja inayofanana. Karibu yote imepangwa kwa hesabu ya shaba na kobalti zinazotoka Katanga kwenda bandarini. Mama anayenunua dagaa Kashikishi na kijana anayepeleka unga Kilwa kwa boti hawamo kwenye hesabu hiyo, au wamo pembeni. Kwa hiyo swali la mfanyabiashara wa mpakani ni kama barabara hiyo itampunguzia gharama au itampita kando na kuhamishia soko lake kwingine.

Daraja kusini, soko kaskazini

Mradi mkubwa kuliko yote katika mkoa wa Luapula ni barabara ya Kasomeno hadi Mwenda. Inaanzia Kasomeno katika jimbo la Haut-Katanga, inapita Kasenga na Chalwe, inavuka Mto Luapula kwa daraja jipya lenye urefu wa mita zipatazo 345, kisha inaingia Zambia kupitia Kabila hadi Mwenda. Urefu wake wote ni kilomita zipatazo 180, na gharama yake inazidi dola milioni 300 za Marekani. Mwendelezaji ni kampuni ya GED Africa, yenye asili ya Hungaria, chini ya mkataba wa ubia na serikali za nchi mbili. Kampuni inatoa fedha, inajenga, kisha inarudisha fedha zake kwa kutoza magari.

Faida yake kwa malori ya shaba inaonekana ramani ikifunguliwa tu. Leo lori la Lubumbashi linalokwenda Dar es Salaam hushuka kusini hadi Kasumbalesa, hupita Ukanda wa Shaba na Kapiri Mposhi, kisha hupanda tena kaskazini hadi Nakonde na Tunduma. Njia mpya itakata pembe hiyo. Lori litatoka Lubumbashi kuelekea mashariki, litavuka Luapula na kupita Luwingu na Kasama hadi Nakonde. Mamia ya kilomita yatapungua, na foleni ya Kasumbalesa itakwepwa.

Kwa Nchelenge hesabu ni ngumu zaidi, kwa sababu daraja liko kusini, mbali na mji huo, na Kasomeno si kijiji cha kupita tu. Hapo ndipo barabara ya Lubumbashi inapogawanyika: tawi moja huenda Kasenga, jingine hupanda kaskazini kwenda Kilwa na Pweto, miji miwili ya Kongo kwenye Ziwa Mweru ambayo kwa miaka mingi imetegemea boti za Nchelenge na njia ya Chiengi kupata bidhaa za Zambia. Kilwa hiyo, kwa msomaji wa Tanzania, si ile ya mkoa wa Lindi. Kuna pia kisiwa cha Kilwa ndani ya ziwa, ambacho ni cha Zambia ingawa kiko karibu zaidi na ufuko wa Kongo.

Daraja likifunguliwa, mfanyabiashara wa Kilwa atakuwa na chaguo jipya. Badala ya kusubiri boti, anaweza kuagiza lori la bidhaa lipite darajani na kupanda hadi kwake kwa barabara. Kama tawi la Kasomeno hadi Kilwa litabaki bovu, boti zitaendelea kushinda. Likitengenezwa, sehemu ya biashara ya sabuni, sukari, mafuta ya kula na unga inaweza kuhama ziwani bila mtu yeyote kutangaza kwamba imehama. Anayewekeza leo katika boti kubwa au ghala kando ya maji anapaswa kuifuatilia barabara ya Kilwa kwa makini kama anavyolifuatilia daraja lenyewe.

Mfano wa jambo hili upo mkoani humo humo. Kabla ya 2008, abiria na mizigo ya Luapula inayotumia njia fupi ya kwenda Ukanda wa Shaba kupitia ardhi ya Kongo ilivuka mto kwa pantoni pale Chembe. Mwaka huo lilifunguliwa daraja lililopewa jina la Rais Levy Mwanawasa, na Mansa ikasogea karibu zaidi na Mufulira na Ndola. Samaki wa Mweru wakafika Ukanda wa Shaba haraka zaidi. Lakini biashara ndogo iliyojengwa juu ya foleni ya pantoni, ya chakula, malazi na kubeba mizigo, ilipoteza sababu ya kuwepo. Kazungula nako, daraja la mita 923 lilipofunguliwa Mei 2021 kati ya Zambia na Botswana, pantoni iliondoka pamoja na uchumi wake mdogo.

Tozo nayo inahitaji kutazamwa mapema. Katika miaka ya karibuni Zambia imekabidhi barabara kadhaa kwa wabia binafsi, ikiwemo barabara pacha ya Lusaka hadi Ndola yenye urefu wa kilomita 327. Barabara ya namna hii hutoza kwa daraja la gari. Mwenye shaba ya tani 30 huigawa tozo juu ya mzigo wa thamani kubwa, na kwake ni pesa ndogo. Mwenye gari dogo lenye magunia 20 ya dagaa hulipa kiasi kidogo zaidi, lakini kwa kila gunia mzigo wa tozo unaweza kuwa mzito. Wafanyabiashara wa Luapula wana nafasi ya kudai kiwango cha wenyeji na cha magari madogo kabla vibanda vya tozo havijafunguliwa, kwa sababu baada ya hapo viwango huwa vimeshaingia kwenye hesabu za benki.

Ziwa ndiyo barabara ya kwanza

Historia ya Mweru inafundisha kwamba anayemiliki chombo na barafu ndiye anayepanga bei. Enzi za Wabelgiji, wafanyabiashara wa Kigiriki walijikita Kasenga na kununua samaki wa Mweru na Luapula kwa ajili ya wafanyakazi wa migodi ya Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Wavuvi walikuwa wa pande zote mbili za mto, lakini faida kubwa ilibaki kwa wenye boti, barafu na malori. Mpaka ulikuwepo kwenye karatasi huku soko likiwa moja.

Ziwa limewahi kubeba hata madini. Mgodi wa Dikulushi, kaskazini mwa Kilwa, ulipoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 2000, madini yake yalisafirishwa kwa matishari kutoka Kilwa hadi Nchelenge, kisha yakapakiwa kwenye malori kwenda kusini. Nchelenge, ambayo wengi huifikiria kama mji wa samaki tu, ilikuwa bandari ya shaba na fedha. Kazi hiyo ilionyesha kwamba usafirishaji wa mizigo mizito ziwani unawezekana mahali penye mteja mkubwa wa kuulipia. Mgodi uliposimama, mteja huyo aliondoka, na wadogo walibaki na vyombo vyao vile vile.

Vyombo vingi vinavyovuka leo ni boti za mbao zenye injini ya nje. Hubeba abiria, magunia, baiskeli na mbuzi kwa pamoja. Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini-mashariki huchafua ziwa, na chombo kilichojazwa kupita kiasi huwa hatari. Mzigo ukizama, mwenye mali hana bima na mara nyingi hana hata risiti ya nauli. Kwa mfanyabiashara mwenye mtaji wa dola 500, safari moja mbaya ni mwisho wa biashara.

Hapa ndipo miundombinu ya bei nafuu ingeleta tofauti kubwa: gati imara lenye ghala, mizani inayoaminika, majaketi ya kuokolea, orodha ya abiria na mizigo, na chombo kimoja au viwili vya uhakika vyenye ratiba. Gharama ya vitu hivyo ni ndogo sana ikilinganishwa na daraja la mita 345. Zambia ina mfuko wa maendeleo ya majimbo ambao umekuzwa kutoka kwacha milioni 1.6 kwa jimbo hadi zaidi ya kwacha milioni 30 katika miaka michache, na miradi ya ukubwa huu inalingana na fedha hizo. Uchaguzi mkuu wa Zambia umepangwa Agosti 13, 2026, na kipindi cha kampeni ndicho ambacho gati la Nchelenge linaweza kuzungumzwa na watu wenye sababu ya kusikiliza.

Umeme, barafu na bei ya samaki

Mwaka 2024 uliwafundisha Wazambia maana ya kutegemea maji ya ziwa moja. Ukame uliotokana na El Niño ulishusha Kariba, na Februari 29 mwaka huo Rais Hakainde Hichilema alitangaza ukame huo kuwa janga la taifa. Mgawo wa umeme uliofuata uliacha maeneo mengi gizani kwa sehemu kubwa ya siku.

Katika mji wa samaki, giza ni hasara ya siku hiyo hiyo. Dagaa wa hapa, wanaoitwa chisense, hukaushwa juani na hawahitaji friji. Pale, aina ya perege wa Mweru mwenye bei nzuri, anahitaji barafu ndani ya saa chache. Barafu ikikosekana, mnunuzi wa Ukanda wa Shaba hupanga bei anavyotaka, kwa kuwa anajua muuzaji hawezi kusubiri kesho. Anayekataa bei hiyo huwabanika samaki kwa kuni, na kuni hizo hukatwa katika misitu ileile inayolinda vijito vinavyoingia ziwani. Kwa njia hiyo kukatika kwa umeme hupunguza kipato cha mwenye samaki na kuongeza cha mwenye lori.

Mkoa wa Luapula una maji mengi kuliko sehemu kubwa ya Zambia, lakini hauzalishi umeme unaolingana nayo. Kituo cha Musonda Falls kilikarabatiwa na kupandishwa kutoka megawati 5 hadi 10. Mto Kalungwishi, unaoingia Mweru kaskazini mwa Nchelenge, umekuwa na mpango wa megawati 247 katika maporomoko ya Kabwelume na Kundabwika. Mpango huo umezungumzwa kwa zaidi ya miaka 10 bila umeme kutoka. Mto Luapula wenyewe una maeneo kama Mambilima na Mumbotuta yanayoweza kuzalisha mamia ya megawati, lakini ni mto wa mpakani, na kila hatua inahitaji Lusaka na Kinshasa zisaini pamoja.

Kwa hiyo umeme unaoweza kufika kaskazini mwa Zambia mapema zaidi huenda ukatoka Tanzania. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina mitambo 9 yenye uwezo wa jumla ya megawati 2,115. Mtambo wa kwanza uliingia kazini Februari 2024, na mitambo yote imekamilika. Njia ya msongo wa kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya hadi Tunduma, inayojulikana kama TAZA, inajengwa ili kukutana na ya Zambia upande wa Nakonde na Kasama. Ikikamilika, gridi za Afrika Mashariki na za kusini mwa Afrika zitaunganishwa. Umeme wa Ethiopia tayari unafika Kenya, na Kenya imeungana na Tanzania.

Hata hivyo umeme ukifika Kasama haujafika kwenye mashine ya barafu ya Kashikishi. Katikati kuna njia ndefu za usambazaji zenye msongo mdogo, ambazo hukatika mvua na radi zikianza. Ndiyo maana wafanyabiashara wanaoweza kuchangishana hawana sababu ya kungoja. Sola imekuwa jibu la haraka katika Zambia tangu ukame ule. Kituo cha megawati 100 cha Chisamba kilizinduliwa Juni 2025. Mashine ya barafu haihitaji megawati. Chumba kimoja cha baridi chenye sola kinachomilikiwa na chama cha wauza samaki kinaweza kumpa muuzaji siku mbili za kusubiri bei, na siku hizo mbili zinatosha kumfanya mnunuzi azungumze kwa adabu.

Lipo pia suala la kalenda. Kila mwaka Zambia hufunga uvuvi kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane, na Mweru imo katika marufuku hiyo, wakati Tanganyika na Kariba hazimo. Miezi hiyo mitatu mfanyabiashara wa samaki hubadili bidhaa, huhamia Mpulungu kufuata kapenta, au hula mtaji. Anayesafirisha samaki wakati huo lazima aonyeshe walikotoka. Akiba ya baridi ingesaidia kupita kipindi hiki kihalali, ila tu pawe na utaratibu wa kuthibitisha kwamba samaki waliokuwa ndani waliingia kabla ya Desemba. Na kwa kuwa samaki hawajui mpaka, marufuku yenye nguvu upande mmoja na ulegevu upande wa pili humwadhibu anayetii.

Karatasi za mpakani

Kuna kizuizi ambacho hakihitaji saruji kukiondoa. Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zote ni wanachama wa COMESA na wa SADC. Kongo pia ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, Zambia haimo. Tanzania imo katika Jumuiya na SADC, lakini ilijitoa COMESA mwaka 2000. Mfanyabiashara anayetoka Mbeya kwenda Kilwa kupitia Nchelenge hupita katika mifumo mitatu kwa safari moja, na cheti cha asili kinachokubaliwa mpaka wa kwanza huenda kisikubaliwe wa pili.

COMESA ina utaratibu rahisi wa biashara kwa shehena ndogo. Kikomo kilianza na dola 500, kikapandishwa hadi 1,000, na baadhi ya nchi zimefika 2,000. Bidhaa zikiwa kwenye orodha iliyokubaliwa na nchi mbili jirani, mwenye mzigo hujaza fomu fupi mpakani bila wakala, na halipi ushuru wa forodha. Mambo mawili husahaulika. Kwanza, utaratibu huo hauondoi kodi ya ongezeko la thamani, wala vibali vya afya, vya samaki na vya mazao. Pili, orodha huwa ya nchi mbili mbili. Iliyopo kati ya Zambia na Malawi haihusu Kongo. Kabla ya kupakia, ni vyema kuuliza ofisi ya forodha orodha inayotumika na kuiona kwa macho.

Hesabu ndogo inaonyesha uzito wa jambo hili. Chukulia mtu mwenye mzigo wa dola 600, na safari inayomgharimu dola 60 kwa nauli, kubebesha na vibali. Hiyo ni asilimia 10 kabla hajauza kitu. Watu watano wakikodi chombo kimoja, gharama ya kila mmoja inaweza kushuka sana, lakini thamani ya mzigo wote inafika dola 3,000. Afisa akiuona kama mzigo mmoja, umevuka kikomo na unahitaji wakala. Kila mmoja akiwa na fomu yake, jina lake na magunia yenye alama yake, ni mizigo mitano halali. Kinyume chake, tajiri anayegawa mzigo wake kwa vijana 10 anavunja sheria, na ndiye anayewafanya maafisa wawashuku wote.

Umuhimu wa vituo vidogo ulionekana Agosti 2024. Kongo ilipopiga marufuku uingizaji wa vinywaji baridi na bia kutoka Zambia, madereva na wafanyabiashara wa Kongo waliandamana Kasumbalesa, na Zambia ikafunga kwa muda mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania. Ilifunguliwa baada ya siku chache, lakini kwa mwenye nyanya au samaki siku hizo zilitosha kumaliza mtaji. Biashara inayotegemea mlango mmoja huumia mlango huo ukifungwa. Nchelenge, Chiengi kwa upande wa Pweto, na Kashiba mkabala na Kasenga ni milango ya akiba, na thamani ya akiba huonekana siku ya shida.

Usalama wa mashariki mwa Kongo unaongeza uzito wa hoja hiyo. Tangu waasi wa M23 waliposhika Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, wafanyabiashara waliozoea njia za Kivu wametazama zaidi kusini, kwenye Ziwa Tanganyika na Katanga. Mweru nayo si ngeni kwa vita. Mwaka 2017 maelfu ya watu walikimbia mapigano ya Pweto na Tanganyika wakaingia Nchelenge na Chiengi, na Januari 2018 makazi ya Mantapala yakafunguliwa wilayani Nchelenge. Baadhi wamerudi Pweto. Waliobaki ni wakulima, mafundi na wachuuzi, na wamekuza Kiswahili katika masoko ambako Kibemba ndicho kikuu. Mfanyabiashara wa Afrika Mashariki atakuta hapa watu wa kuelewana nao, wanaojua bei za pande zote mbili.

Sarafu nayo imebadilika. Mwanzoni mwa 2025 dola moja ilikuwa karibu kwacha 28. Kuelekea mwisho wa mwaka ilishuka hadi chini ya kwacha 24. Muuzaji wa Zambia anayepokea dola kutoka Kilwa anapata kwacha chache kuliko zamani kwa mzigo uleule, wakati anayeingiza bidhaa za Tanzania kwa dola anapata nafuu. Upande wa unga, mavuno ya mahindi yaliyoporomoka kwa ukame wa 2024 yalirudi na kufika takriban tani milioni 3.7 mwaka 2025. Mwaka wa mavuno, kuuza unga Kongo kihalali hulipa kuliko magendo, kwa sababu anayefuata sheria halazimiki kuvuka usiku wala kulipa njiani.

Maporomoko: umeme au watalii?

Utalii unaweza kuonekana jambo la mbali kwa mwenye magunia, lakini mtalii anakula samaki, analala na kukodi gari. Zambia iliondoa viza kwa wageni wa nchi nyingi, zikiwemo Marekani, Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya, na imekuwa ikizungumzia kufungua mzunguko wa kaskazini ili wageni wasiishie Livingstone.

Kaskazini kuna cha kuonyesha. Lumangwe, kwenye Mto Kalungwishi, hufananishwa na Victoria kwa umbo. Ntumbachushi iko karibu na Kawambwa. Hifadhi ya Lusenga Plain imepakana na Kalungwishi. Na kila mwisho wa Julai, Mwansabombwe hufurika watu kwa sherehe ya Mutomboko ya Mwata Kazembe wa Walunda, ambaye mababu zake walipokea misafara ya pwani tangu karne ya 19, wakati shaba na pembe za ndovu zilipokwenda mashariki na nguo zikaja magharibi.

Mgongano uko hapa: Kabwelume na Kundabwika ni maporomoko ya kutazamwa na pia ndiyo yaliyopangwa kuzalisha megawati 247. Maji yakielekezwa kwenye mitambo, maporomoko hupungua. Yakiachwa, umeme hauji. Mfanyabiashara wa Nchelenge ana sababu ya kutaka vyote viwili, na ana haki ya kuuliza maji kiasi gani yataachwa yaanguke na umeme kiasi gani utabaki mkoani. Uzoefu wa mikoa mingi ya Afrika ni kwamba nyaya kubwa hupita juu ya vijiji kuelekea migodini.

Yanayofaa kufuatiliwa

Septemba 2025 Tanzania, Zambia na kampuni ya Kichina ya CCECC zilisaini mkataba wa kuifufua TAZARA, reli ya kilomita 1,860, kwa uwekezaji wa dola bilioni 1.4 na muda wa miaka 30. Upande wa magharibi, reli ya Lobito inavuta shaba kuelekea Atlantiki. Mashindano hayo ni mazuri kwa mwenye mzigo, kwani njia zikiwa nyingi bei ya usafiri hushuka. Kwa Luapula, kituo cha reli cha Kasama kinaweza kuwa mlango wa saruji, mbolea na bidhaa za Dar es Salaam, kama barabara ya kutoka hapo hadi Mansa na Nchelenge itatunzwa.

Kwa mfanyabiashara wa Mweru, ishara za kutazama katika miezi ijayo ni nne. Ya kwanza ni hali ya barabara kutoka Kasomeno hadi Kilwa, kwa kuwa ndiyo itakayoamua kama boti zitabaki na kazi. Ya pili ni viwango vya tozo darajani, hasa kwa magari madogo. Ya tatu ni kama kituo cha mpakani pale darajani kitakuwa na dirisha la wafanyabiashara wadogo, au kitajengwa kwa malori peke yake. Kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa 2019, kimeonyesha kwamba jengo zuri peke yake haliondoi foleni. Ya nne ni umeme wa Kashikishi wenyewe: mashine za barafu zinaongezeka au zinapungua?

Hakuna hata moja kati ya hizo inayohitaji mtu awe na shaba. Zinahitaji wafanyabiashara waliojiandikisha katika chama, wanaohudhuria vikao vya wilaya na wanaoweka risiti zao, ili viwango vitakapopangwa wawe na hesabu za kuweka mezani. Kampuni ya madini humtuma wakili wake kwenye mikutano hiyo. Wauza chisense wa Kashikishi wanaweza kumtuma mmoja wao, nauli wakichangiana.